Ghorofa ya Kijivu

Krrraaa!

Sauti ilimkuta akiwa bado kwenye ngazi, hajaona chochote. Krrraaa! Kisha kimya. Kisha tena, krrraaa, kama mtu anayechana shuka jipya kwa hasira. Kiberiti alisimama, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi, mwingine umebana faili zake. Ghorofa ya tatu ya maktaba ile ya chuo haikuwa na sauti. Huko juu hata kikohozi kiliomba ruhusa kabla ya kutoka.

Alipanda vidato vilivyobaki mbiombio. Mlangoni alimkuta mpagazi amepiga magoti sakafuni, akiunga vitako vya maboksi kwa selotepu pana ya kahawia. Kila alipoivuta ililia. Nyuma yake maboksi matupu yalikuwa yameshapangwa hadi dirishani. Na pembeni, kwenye meza yake ileile ya miaka yote, alikaa Shangazi, mikono mapajani, macho ukutani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba."

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Muulize mwenyewe. Au jiulize wewe. Ameniambia ni mchoro wako."

Yule mpagazi aliinua kichwa. "Mimi nimetumwa tu, dada. Nimeambiwa vitabu vya mimea vinakwenda stoo." Akavuta tena. Krrraaa.

Shangazi alikuwa dada wa baba yake Kiberiti, na ndiye aliyemlea tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Jina la Kiberiti ni yeye aliyempa, kwa sababu mtoto yule ukimgusa tu anawaka. Ghorofa ya tatu, yenye vitabu vya mimea, ilikuwa chini ya Shangazi tangu alipoajiriwa, na wanafunzi walimwita Mama Kimya, wakimwogopa na kumpenda kwa kipimo kimoja. Kiberiti naye alikuwa ameajiriwa mwaka uliopita tu, baada ya masomo, katika chumba kidogo cha chini. Kazi yake ilikuwa kuchukua takwimu za maktaba nzima na kuzigeuza picha, ili wakubwa waone kwa jicho moja kitabu gani kinasomwa na kipi kinalala.

Na picha alikuwa ameichora. Tena aliichora kwa mbwembwe. Maktaba nzima kwenye karatasi moja, kila rafu kisanduku chake: rafu inayosomwa sana nyekundu, inayosomwa kidogo njano, isiyoguswa kijivu. Ghorofa ya sheria iliwaka kama mkaa. Ya uhandisi ilikuwa na njano na nyekundu zake. Ya tatu ilikuwa kijivu tupu, kama jivu la juzi. Alipoiona hivyo alisita kidogo, kisha akajiambia, kwa kiburi cha mtu aliyesoma, kwamba takwimu hazina shangazi. Akaipeleka kwa Mkuu wa maktaba. Mkuu akaitazama, akaipenda, akaitundika ofisini. Sasa ghorofa ya kijivu ilikuwa inatafutiwa kazi nyingine: ukumbi wa semina. Vitabu vingehamia stoo ya zamani nyuma ya gereji, ambako mvua ikinyesha nje, ndani nako hunyesha.

Kiberiti aligeukia meza za wasomaji. Ndipo alipoona kitu.

Msichana mmoja mwenye koti jeupe la wanafunzi wa famasia alifunga kitabu kikubwa cha mizizi ya dawa, akakipangusa kwa kiganja, akakibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akakirudisha kwenye rafu, mahali palepale kilipotoka. Akachukua kingine. Kijana wa meza ya pili akafanya vilevile. Na mwingine. Hakuna aliyeacha hata karatasi mezani. Ukutani, kwa mwandiko wa Shangazi ulionyooka kama uzio, kulikuwa na tangazo: KITABU KIRUDI KILIPOTOKA.

"Shangazi," Kiberiti alinong'ona. "Mashine yako iko wapi?"

"Mashine gani?"

"Ile ya kusomea namba za vitabu. Kila ghorofa ilipewa."

Shangazi alifungua droo. Mashine ilikuwa ndani, imefungwa kitambaa kisafi na kukazwa mpira, mpya kama ilivyotoka kiwandani.

"Inalia," Shangazi alisema. "Tii, tii, tii. Watu wanasoma hapa, si sokoni."

Kiberiti aliketi kwenye boksi tupu, boksi likabonyea. Ghorofa nyingine zote wasomaji waliacha vitabu mezani, na jioni mhudumu alipita akivikusanya, akivipigia mashine kimoja kimoja, tii, ndipo kompyuta ikajua kwamba kitabu fulani kilifunguliwa. Vitabu vilivyoazimwa kwenda nyumbani vilihesabiwa mlangoni. Lakini vya mimea vilikuwa vizito, vimejaa picha, havibebeki. Watu walivisoma hapohapo. Na hapohapo Mama Kimya alikuwa amewafundisha adabu. Ghorofa safi kuliko zote ndiyo iliyoonekana imekufa.

"Shangazi, usafi wako ndio umetuua."

"Sema tena?"

"Nitasema tena nikirudi." Alishaanza kushuka ngazi.

*

Mkuu wa maktaba alikuwa mtu wa maneno machache na kalamu nyingi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaelekeza kidole kwenye mchoro ukutani.

"Huu uliuleta wewe. Nilikuuliza kama unasema kweli. Ukaniapia."

"Mchoro haukusema uongo, Mkuu. Ulikuwa kiziwi. Kule juu hakuna kinacholia, kwa hiyo haukusikia kitu."

"Ni ghorofa ya shangazi yako."

"Ndiyo."

"Unajua watu watasemaje."

"Watasema. Nami nitawapa namba wazitafune. Kikao cha kuamua kiko baada ya wiki tatu. Nipe hizo tu."

Mkuu aligeuza kalamu yake mara mbili. "Maboksi yataendelea kutengenezwa."

"Yatengenezwe. Yasijazwe."

Mkuu alitabasamu, kidogo sana, kama mtu anayeweka akiba. "Na ukinikuta nimekosea, nitakubali. Ukikuta nimepatia?"

"Nitakuletea hivyohivyo, rangi ileile ya kijivu."

Chini, kwenye chumba chake, alimkuta fundi wa kompyuta ameingiza nusu ya mwili chini ya meza, katikati ya nyaya. Watu walimwita Panya kwa ajili hiyo, naye hakukasirika. Alisema panya ndiye pekee anayejua nyumba ilivyo. Kiberiti alimweleza kila kitu.

"Wiki tatu za nini?" Panya alisema toka chini. "Bonyeza mara mbili, ghorofa nzima inakuwa nyekundu. Nyekundu ya nyanya au ya damu, chagua."

"Ukirudia neno hilo nitakufungia humo na nyaya zako."

"Nilikuwa nakupima tu, dada!" Alichomoa kichwa. "Ila sikiliza. Ile sauti ya mashine inazimwa. Kuna kitufe pembeni."

"Inazimwa?"

"Tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeuliza."

*

Nyumbani walikaa jikoni, ungo katikati, wakichagua mchele kwa jioni. Shangazi alichagua haraka bila kutazama, kama anayehesabu rozari. Kiberiti alichagua kama anayegombana nao.

"Sitaki," Shangazi alisema.

"Wiki tatu tu, Shangazi. Waache vitabu mezani. Jioni tunapita na mashine, bila sauti, kisha tunavirudisha sisi."

"Miaka yote nimewafunda watu. Wanakuja wametoka makwao wanatupa vitu kama kuku wanavyopekua jaa, wanatoka kwangu wana adabu. Leo niwaambie adabu basi?"

"Niambie jambo moja. Nani anajua kwamba wana adabu?"

"Mimi najua."

"Na wewe si kompyuta."

"Namshukuru Mungu kwa hilo." Shangazi alitupa chenga pembeni. "Mwanangu, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Vitabu vyangu havihitaji kupakwa rangi kama bibi harusi."

Kiberiti aliwaka. "Chema kilichofungiwa ghorofani kitajiuza kwa nani? Kwa nondo? Wewe unakijua, yule msichana wa koti jeupe anakijua, na Mkuu hakijui, na ndiye mwenye ufunguo wa stoo! Unataka vikaoze nyuma ya gereji vikiwa na adabu?"

Shangazi aliacha kuchagua. Ni mara chache mtoto huyu alikuwa amempandishia sauti, na kila mara alimwomba radhi kabla ya chakula kuiva. Safari hii hakuomba. Alikaa ameinamia ungo, masikio yamewiva, vidole vikiendelea kuwinda mawe.

"Kama baba yako," Shangazi alisema hatimaye. "Mkaidi kama msumari uliopinda. Na mchele wako una mawe."

"Nimeyatoa yote."

"Umetoa mchele. Mawe umeyaacha."

Wote wawili wakacheka, na Kiberiti akajua kwamba amekubaliwa.

Asubuhi Shangazi alipandia kiti chake mwenyewe, akabandua tangazo, akaligeuza, na nyuma yake akaandika, kwa mwandiko uleule wa uzio: KITABU KIBAKI MEZANI. Alipolibandika alilitazama kama mtu aliyesaini talaka.

Hakuna aliyelitii.

Wasomaji walisoma tangazo, wakatazamana, wakamtazama Mama Kimya, wakarudisha vitabu kwenye rafu haraka kuliko siku zote. Yule msichana wa koti jeupe alisogea mezani akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, samahani. Huu ni mtego?"

"Si mtego. Acha mezani."

"Sawa, Mama." Akaenda moja kwa moja kukirudisha kitabu chake.

Jioni mashine ilipata vitabu viwili, na kimoja kilikuwa cha Shangazi mwenyewe. Siku ya pili hali ilikuwa ileile. Siku ya tatu Kiberiti alizunguka meza hadi meza akinong'ona na kusihi. Walimwitikia kwa kichwa, na akigeuka tu vitabu vinarudi. Alitamani kulia. Adabu iliyomshinda kuiona kwenye takwimu sasa ilimshinda kuiondoa.

Ndipo Shangazi aliposimama. Alisogeza kiti nyuma, na mlio wa kiti peke yake ulitosha kuinua vichwa vyote. Akavuta pumzi.

"ACHENI VITABU MEZANI!"

Dirisha moja lilitetemeka. Kijana wa meza ya pili aliangusha kalamu na hakuiokota. Kwenye ngazi, Panya, aliyekuwa anapandisha waya wa umeme, alishika ukuta.

"Nimewaambia mara ngapi?" Shangazi aliendelea, sauti bado juu. "Mnadhani nacheza? Mkivirudisha vinaonekana havijasomwa, na visiposomwa vinapelekwa kuoza. Mnataka vioze? Basi acheni mezani! Vitupeni! La, msivitupe. Viacheni taratibu. Lakini viacheni!"

Akaketi. Akakunja mikono mapajani.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," Panya alimnong'oneza Kiberiti. "Nilidhani ni methali tu."

Jioni ile meza zilikuwa zimejaa. Shangazi alipita kati yake kama anayepita kwenye nyumba iliyovunjwa na wezi, lakini mkononi alishika mashine, na mashine iliwaka taa yake ndogo ya kijani, kitabu baada ya kitabu, bila hata sauti moja.

*

Kiberiti alifanya kazi ile kwa hatua mbili, na aliipanga hivyo makusudi. Kwanza alihesabu tu, bila kumwambia mtu mwingine chuoni, ili apate wale waliokuwa wakija siku zote. Alipopata picha ya kweli ya ghorofa, ndipo akaichapa, kubwa kama mlango, akaibandika chini kwenye kiingilio, mahali ambapo kila mtu lazima apite.

Ilikuwa ghorofa ya tatu kama ndege anavyoiona kutoka juu. Kila rafu mstari, kila mstari rangi yake. Mizizi ya dawa iliwaka nyekundu. Miti ya mbao, nyekundu. Maua, njano inayokaribia moto. Juu aliandika: HAPA NDIPO WENZAKO WANAPOSOMA. Na chini, kwa herufi ndogo: Panda uone.

Watu walisimama. Wengine walisimama kwa sababu wengine wamesimama.

"Kumbe kuna ghorofa ya tatu?"

"Mwaka wa nne huu nasoma hapa, nilijua ni matangi ya maji."

"Na hapa pa kijivu je? Pana nini?"

Kiberiti, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango wa chumba chake kama mama anayechungulia mtoto akicheza, alilisikia swali hilo, na likambaki kifuani. Kwa maana kulikuwa na kijivu. Rafu moja, ndefu, ya ukuta wa mwisho: vitabu vya nyasi. Tangu hesabu ianze, nyasi hazikuguswa na mtu. Panya alikuwa amemshauri aiache rafu hiyo nje ya picha, maana nani angejua? Yeye aliipaka kijivu, na akaizungushia mstari mweusi, isije ikapotea.

Vitabu vya nyasi ndivyo Shangazi alivyovipenda kuliko vyote. Vilikuwa vya zamani, migongo imechoka, na vingi alikuwa amevishona upya kwa sindano yake mwenyewe, kwa uzi wa nta. Alipopandisha macho kwenye mchoro mpya na kuikuta rafu ile, aligeuka. Alirudi mezani kwake akafuta vumbi ambalo halikuwepo.

*

Siku ya kikao Kiberiti alibandika michoro miwili ukutani, wa kwanza na wa sasa, bega kwa bega. Wajumbe walitazama kijivu, wakatazama nyekundu.

Mkuu ndiye aliyeuliza, na aliuliza pale panapouma. "Umetundika mchoro wako kwenye kiingilio kama tangazo. Watu wakaja. Sasa unatuonyesha watu waliokuja. Je, hukuwapika mwenyewe?"

Mjumbe mmoja alikohoa kikohozi cha kuridhika.

"Huu haukuchorwa baada ya tangazo," Kiberiti alisema. Akauma ulimi usikimbie kuliko akili. "Umechorwa kabla. Hawa ndio waliokuwepo siku zote, tukiwaita hawapo." Akafungua karatasi ya tatu, akaibandika. "Na huu ni wa baada ya tangazo. Hawa ndio nilioita mimi. Njano zimekuwa nyekundu. Nimeitenganisha michoro ili msiniulize, na nashukuru mmeniuliza."

Mkuu alisogea karibu. Kidole chake kilipita rafu moja moja, taratibu, hadi ukuta wa mwisho. Kikasimama.

"Na hii?"

"Nyasi. Hakuna aliyezisoma. Kabla wala baada."

"Ungeweza kuificha."

"Ningeificha, hata zile nyekundu usingeziamini."

Mkuu alirudi kitini. Waliongea kwa muda, Kiberiti akiwa nje, akipima kwa hatua ujia ambao alikuwa ameshaupima. Alipoitwa ndani, Mkuu alikuwa ameweka kalamu zote chini.

"Ghorofa inabaki. Nilikosea, na nimeliandika hilo. Ukumbi tutautafuta kwingine." Akaelekeza kidole kwenye rafu ya kijivu. "Lakini nafasi ni ndogo, na tulisema tutafuata kinachosemwa na mchoro. Rafu ya nyasi itakwenda stoo muhula ujao ukiisha, kama bado ni kijivu. Huwezi kuutaka mchoro unapokufurahisha tu."

"Siwezi," Kiberiti alikubali.

Alipanda ngazi akiwa na furaha kubwa begani na jiwe dogo kiatuni. Juu, meza zilikuwa zimejaa watu, na vitabu vimelala wazi kila mahali. Mpagazi alikuwa ameyachukua maboksi yake yote isipokuwa moja, lililobaki mbele ya rafu ya nyasi, tupu, mdomo wazi. Shangazi alikuwa amesimama kando yake, kitabu cha mgongo wa uzi mkononi.

"Nimeshaambiwa," alisema kabla ya kuulizwa. "Panya ana masikio marefu. Mmeshinda. Hongera, mwanangu." Alikisukuma kitabu kwenye nafasi yake. "Hivi vizee vyangu acha viende. Nani asome nyasi? Ng'ombe?"

Kiberiti alikichomoa kitabu kilekile, akakifungua katikati. Ilikuwa picha ya shuke, imechorwa kwa mkono, kila punje na kinyweleo chake. Chini ya picha, jina. Alilisoma mara mbili. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Kisha akacheka, cheko la ghafla lililogeuza vichwa.

"Shhh," Shangazi alisema kwa mazoea.

"Shangazi, huu ni mpunga."

"Ndiyo. Mpunga ni nyasi."

"Na mahindi?"

"Nyasi. Mtama nyasi, ngano nyasi, muwa nyasi. Hukujua? Jioni ile ulipokuwa unanipigia kelele jikoni, ulichokuwa unachagua kwenye ungo ni nini? Mbegu za nyasi."

"Na miaka yote hii hukuwahi kumwambia mtu!"

"Hakuna aliyeuliza."

Kiberiti alilichukua lile boksi, akalipasua pembe moja baada ya nyingine mpaka likawa bapa, kahawia, pana kama mlango. Akalilaza kwenye meza iliyo karibu, akatoa kalamu nene mfukoni. Hakuwa na kompyuta wala rangi, lakini mkono wake ulikwenda wenyewe: sahani moja kubwa ya wali, ugali na mkate katikati, na kutoka kwenye sahani mistari, kila mstari ukirudi kwenye kitabu kimoja cha rafu ile. Wanafunzi wa meza za jirani walianza kunyoosha shingo. Yule msichana wa koti jeupe alisogea, akasoma juu chini, akanyoosha mkono kwenye rafu kuchukua cha kwanza.

Shangazi alimtazama msichana, kisha akamtazama mpwa wake.

Kiberiti aliinuka. Hakunong'ona. Alisema kwa sauti kamili, ili ghorofa nzima isikie na imshuhudie:

"Shangazi, muhula ujao ukiisha, rafu hii haitakuwa kijivu. Nakuahidi. Nitaubandika mchoro huu kila mlango wa chuo hiki, nitasimama chini yake mwenyewe, na sitapaka rangi hata punje moja ambayo haijasomwa. Na nikishindwa, hakuna mpagazi atakayezigusa nyasi zako. Nitazibeba mimi, kwa mikono hii, kitabu kimoja kimoja, na kila siku ya mvua utanikuta stoo nimezifunika."